Baba Hakuchukua Upanga wa Mjane

Mtaa wa Marachi,
S.L.P. 118,
Busia.

Jumapili, 15 Agosti 1999

Mpendwa ndugu yangu Zephaniah,

Pokea salamu za watu waliotoka kanisani sasa hivi, viatu bado miguuni na chai iko jikoni. Hujambo? Kifua kimepona? Mama anauliza kama baridi ya Naivasha imepungua, na kama ile sweta aliyokufumia unaivaa au umempa msichana. Jibu la hilo la pili uniandikie mimi, usimwandikie yeye.

Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Mahindi ya Busibwabo yamekauka vizuri na tumeanza kuvuna. Mume wangu Callistus bado anatengeneza redio za watu na kunipa mimi maneno. Mgongo wa Mama unauma akikumbuka. Akiwa na shughuli hauumi.

Sasa nije kwa jambo lako. Umeandika, tena kwa hasira kidogo, nimeona vile kalamu ilivyokwaruza, ukiuliza ni simu gani ile tulikupigia mwezi uliopita. Unaitwa kutoka kwenye shamba la maua mbio mbio mpaka ofisini, unamkuta Mama analia, halafu Baba anashika simu, anakuuliza swali moja na kukata. Una haki ya kuuliza. Keti basi nikueleze, na tafadhali usinicheke mpaka nimalize. Ilikuwa ni gemu.

Callistus alinunua kutoka Kampala mashine ya kucheza gemu kwenye televisheni, akaiweka dukani vijana wacheze wakingoja redio zao. Ilikuja na diski tatu: ya mpira, ya ngumi, na moja ambayo hakuna kijana aliyeitaka kwa sababu, walisema, ina maneno mengi kama Agano la Kale.

Baba ndiye aliyeitaka. Unajua tangu atoke Malaba alikuwa anakuja dukani kila siku kukaa tu, kofia magotini, hasemi kitu. Ile kampuni ya uwakala wa forodha aliyoifanyia kazi pale mpakani ilitaka atie sahihi kwamba lori la sukari ni lori la mbolea. Akakataa, wakamwonyesha mlango, karo ikakatika, na wewe ukatoka chuo mwaka wa pili ukaenda kufunga maua. Miaka miwili hilo jambo hatukulizungumza hapa nyumbani. Tulilipita vile mtu anampita mbwa aliyelala.

Hiyo gemu ni hadithi. Unaongoza watu wanne wanaotembea nchi nzima wakimtafuta mfalme mmoja mwizi, aliyeifungia mvua ndani ya mnara. Mnapigana, mnalala kwenye nyumba za wageni, mnaongea na watu njiani. Mwanzoni kabisa inakuambia uwape hao wanne majina. Baba akaandika Oduori, Nasambu, Roselida, Zephaniah. Baba na Mama wakawa askari, wewe ukawa mpiga mishale, mimi nikawa mchawi. Hapo ninyamaze.

Basi kijiji cha kwanza tu, shida. Kuna nyumba ya mjane, na ndani kuna upanga wa marehemu mumewe. Unabonyeza kitufe, unauchukua, unaenda zako, mjane mwenyewe amesimama hapo anasema tu karibu mgeni. Kila mtu anauchukua. Baba akasema huo upanga una mwenyewe. Vitu vya marehemu havishikwi mpaka wazee wa ukoo wakae wavigawe. Akatembea kijiji kizima siku mbili akitafuta wazee wa ukoo awaombe ruhusa. Nakuambia ukweli, siku mbili. Callistus alikuwa anaenda kucheka nyuma ya duka.

Na ikawa hivyo hivyo kila mahali. Masanduku ya watu hakufungua. Penye daraja la mpaka vijana wakamwambia, mzee, pita msituni, kuna njia ya panya kama zetu hapa. Akawaangalia. Akaenda akaongea na mlinzi, mlinzi akamtuma alete barua, na barua, na barua nyingine, mpaka akapata kibali. Tukavuka wiki iliyofuata.

Kwa hiyo tukawa kundi la maskini. Wenzetu wangepigana na panga za chuma, Oduori na mkewe wanapigana na fimbo. Vita ambavyo Okwara, yule wa boda boda, alijigamba angevimaliza kwa dakika mbili, Baba alipigwa mara sita na kuanza upya. Okwara alikuwa anaacha abiria na baiskeli barabarani aje amcheke.

Lakini Zephaniah, Baba akaanza kuongea. Hilo ndilo nataka ulisikie. Akija kula, anatuambia habari za mwenye nyumba ya wageni na binti yake kama vile ni majirani zetu wa Matayos. Alicheka, kwa sauti, nikatoka jikoni kuangalia ni nani. Mama naye akaanza kuja na karanga zake za kubambua, eti anapisha jua. Alikuwa anakuangalia wewe na upinde wako. Ukipigwa anasema pole, mwanangu.

Sasa ile siku. Tumefika daraja la pili, maadui wanatufuata, na gemu yenyewe, bila mtu kubonyeza chochote, ikamfanya Zephaniah abaki nyuma kuzuia njia ili wengine wavuke. Zumari ikalia polepole. Akaanguka. Halafu yakaja maandishi kwamba Zephaniah amekufa.

Mama aliachia karanga zote. Alijifunga leso kiunoni akapiga ule unyende wetu wenyewe, wa msiba, akitaja jina lako. Wewe unajua Marachi. Dakika tano duka limejaa. Nani, nani? Zephaniah. Wanawake wakaanza kulia, mmoja wa kanisani akaleta sukari na majani ya chai kabla sijapata nafasi ya kueleza. Kueleza kwenyewe kulichukua saa nzima, na wengine mpaka leo wananipa pole.

Katika hiyo fujo Okwara akasema, kwa utani tu, maskini, hakujua: "Mzee, ungechukua ule upanga wa mjane, huyu kijana angekuwa hai."

Baba akaweka kile kidude chini. Akavaa kofia yake akaenda. Nilimfuata mpaka nyumbani nikamkuta ameketi kitandani na viatu. Akaniambia, "Nimemponza tena."

Nikamuuliza, tena vipi, Baba? Akasema mara ya kwanza ilikuwa Malaba. Angetia sahihi siku ile, wewe ungekuwa mwalimu sasa, una shule yako na nyumba yako. Alisema yeye aliweka mikono yake safi, na aliyelipa ni wewe. Miaka miwili alikuwa anatembea na hayo maneno kifuani. Nililia, sikuona haya, nalia hata nikiandika hapa.

Siku tatu hakuja dukani, na chakula akawa anagusa gusa tu. Mama naye hakulala akitaka kusikia sauti yako. Ndipo tukaenda posta sote watatu. Mama alilia vile ulivyomsikia. Halafu Baba akachukua simu akakuuliza, "Ungekuwa wewe pale Malaba, ungetia sahihi?" Na wewe ukajibu papo hapo. Nilisikia, maana nilikuwa nimebana sikio langu hapo hapo. Ulisema, "Hapana, Baba. Hata mimi nisingetia." Alikata kwa sababu sauti ilikuwa imemwisha, si kwa dharau.

Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa dukani kabla Callistus hajafungua.

Wiki hiyo hiyo Okwara akaja taratibu, hana utani. Kumbe alikuwa ameanza gemu yake mwenyewe, kimya kimya. Alichukua upanga wa mjane, akafungua kila sanduku, akapita njia ya panya. Akafika darajani na chuma mwili mzima, na mpiga mishale wake akafa vile vile. Akasema, "Mzee, anakufa kwa kila mtu. Haikuwa upanga. Nisamehe." Baba akamshika mkono muda mrefu, akamwambia akae.

Jana Jumamosi, saa tisa mchana, tukafika juu ya mnara. Duka halikuwa na nafasi ya kuweka mguu. Mama mboga walikuwa wameacha nyanya zao barabarani bila mtu. Asubuhi Baba alikuwa ameshapigwa na huyo mfalme mara nne. Mara ya tano Nasambu akaanguka, Roselida akamponya, Roselida mwenyewe akaanguka, akabaki Oduori peke yake, na ile fimbo, na pumzi kidogo. Baba akapiga pigo moja, na mfalme akapiga magoti.

Mvua ikanyesha kwenye ile televisheni, Zephaniah. Katika kila kijiji tulichopita, watu wakatoka na mabeseni. Hapa dukani vigelegele vilisikika mpaka upande wa Uganda, sidhani kama nasema uongo. Okwara alimbeba Baba juu kama bwana harusi. Nimeona harusi, nimeona ubatizo wa watoto wangu wawili, lakini sijawahi kuona uso wa Baba vile. Alipowekwa chini akatengeneza kola yake, akasema kwa sauti ya kawaida, "Kumbe inawezekana."

Watu watasema ni mchezo wa watoto. Waache waseme. Mimi ninajua nilichoona. Mtu alipewa nafasi elfu moja za kuchukua kisicho chake, hakuna wa kumshtaki, hakuchukua hata moja, na akafika.

Callistus anakusalimu sana, na wanangu pia. Mama anasema Desemba uje, na huyo wa sweta kama yupo, aje naye. Okwara anasema atakubeba bure kutoka steji. Mungu akufunike mchana na usiku, akupe afya na watu wema huko.

Nilimuuliza Baba kama ana salamu. Akaniambia niandike hivi hivi, nisiongeze langu: "Mwambie Zephaniah, sahihi sikutia, na mtoto sikumpoteza."

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ukikasirika,

Roselida