Majivu Kwenye Boneti ya Gari Lako

Lukozi,
Lushoto, Tanga.
23 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Martin,

Bwana Yesu asifiwe. Nakusalimu nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni, karatasi nimeiweka juu ya ungo uliogeuzwa, kwa maana mezani Mama anachambua maharage na hataki kuguswa kiwiko. Habari za Lusaka? Habari za kazi ya umeme, na kile kifua kilichokuwa kinakubana mwezi wa nane? Tunakuombea kila asubuhi kwa jina, wewe na shemeji Glory na mtoto.

Shikamoo zako zote za kwenye simu nimezipokea, marahaba. Lakini ukifika mwisho wa barua hii utaona kwamba safari hii mimi mkubwa ndiye niliyepaswa kukuamkia wewe.

Sisi tu wazima. Mama presha yake imeshuka, na daktari wa Bumbuli amemwambia apunguze chumvi. Amepunguza ya kwenye mboga, ya kwenye maneno bado. Kabichi za shamba la chini zimefunga vizuri. Viazi vimepigwa na ukungu kidogo, ila tutakula. Shemeji yako Evelina anakusalimu sana, naye ndiye aliyeniletea kalamu na kusema, "Baba Modesta, leo usiinuke hapo mpaka umemaliza."

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Martin, mara tatu nimekupigia ili nikuambie, na mara tatu nikaishia kukuuliza kama mvua imeanza huko Zambia. Wewe ukajibu mvua imeanza, nami nikasema Mungu ni mwema, nikakata. Kwenye karatasi siwezi kukata.

Ni habari ya gari lako.

Siku unaondoka ulilizunguka mara tatu ukilifuta kwa fulana laini, ile rangi yake ya biringanya iliyoiva inameremeta mpaka mtu anajiona meno. Ukaniwekea ufunguo mkononi ukasema, "Kaka, ni la kumpeleka Mama Bumbuli na kanisani. Lisishuke mlima." Nikasema sawa. Mungu alisikia, na Hamza jirani alisikia kwa sababu alikuwa anapakia karoti kwenye Fuso yake pale pale.

Mwezi wa kumi ukoo wa Evelina wakaniteua mshenga, nipeleke barua ya posa Zirai. Basi lilikuwepo. Nauli nilikuwa nayo. Sitakudanganya tena, nilichotaka ni watu wa Zirai waone mshenga anashuka kwenye gari, viatu havina tope, mlango unafungwa taratibu. Nilijiambia kwamba nakwenda kwa jambo la heri, kwa hiyo sharti lako limelegea. Ndivyo shetani anavyosema, ndugu yangu, hasemi kwa sauti kali.

Mimi na Evelina tulikwenda salama, barua ikapokelewa vizuri. Jumamosi tukaondoka mchana ili niwahi zamu yangu ya uzee wa kanisa kesho yake. Tulipopita Korogwe mvua ya kwanza ikashuka, mvua ya nusu saa, ikakatika. Jua likachungulia kidogo kabla ya kuzama. Halafu wakatoka.

Kumbikumbi. Martin, umeishi huku, unawajua wale wachache wanaozunguka taa ya jikoni. Hawa hawakuwa wale. Walipanda kutoka ardhini kama moshi, nami nikawaingia na gari lako kwa mwendo. Mlio wake nausikia hadi leo, ta-ta-ta-ta, kama mtu anatutupia punje za mahindi mabichi, ila punje hazipasuki, hawa walipasuka. Kioo kikajaa ute wa njano. Nikawasha waipa, na hapo ndipo nilipokosea zaidi, kwa sababu waipa ziliwakamua. Wakawa uji. Mabawa yamenata juu ya uji, miguu bado inachezacheza, na katikati yao panzi mmoja mkubwa amebandikwa tumbo nje, utumbo wa kijani unateremka polepole mbele ya macho yangu. Evelina akafungua dirisha ili apate hewa, wawili wakamwingia kwenye kitambaa cha kichwa. Sijawahi kumsikia mke wangu akimwita Yesu kwa sauti ile hata siku ya kujifungua.

Mombo tukasimama. Mbele ya gari hapakuonekana rangi. Taa zilikuwa na tongotongo, wavu wa rejeta umejaa kama chujio la nazi, na harufu yake, sijui nikwambieje, ni shombo na mafuta ya zamani na kitu kama maziwa yaliyoganda. Mama mmoja muuza machungwa akaja akatazama, akacheka.

"Mzee, umetuletea kitoweo!"

"Mama, tafadhali," nikamwambia.

Akanyoosha vidole viwili, akamng'oa mmoja mnene kwenye waipa, akampuliza mabawa, akamtia mdomoni. Akatafuna akinitazama. "Mzuri," akasema. "Amekosa chumvi tu."

Nilikwenda nyuma ya kibanda cha matairi nikarudisha wali wote wa Zirai. Evelina alinishika mgongo, lakini alikuwa anacheka, na hilo nimemsamehe.

Tulifika nyumbani giza limeingia, nikalala bila kuligusa. Asubuhi ilikuwa Jumapili. Hamza akapita akaliona, akasimama kama mtu aliyekuta msiba.

"Mzee Kristofa, mwagia maji sasa hivi. Hao wakikauka wanakula rangi. Ute wao mkali kama ndimu."

Nikamwambia leo ni siku ya Bwana, mimi siku hii sioshi hata jembe. Evelina, aliyekuwa anavaa viatu mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Ng'ombe akitumbukia kisimani siku ya sabato, hamtamtoa?"

Nikamjibu kwamba gari si ng'ombe. Hamza akainua mikono akaenda zake.

Basi nikampeleka Mama kanisani na gari lile likiwa na mizoga yake. Nililiegesha upande wa jua, kwa sababu kivulini palikuwa na gari la mchungaji. Ibada ikawa ndefu, kulikuwa na mnada wa mazao. Nilipotoka nikakuta kuku watatu wa nyumba ya mwinjilisti wamepanda bampa, wanadonoa kwenye wavu, tetea mmoja juu ya boneti anaparua kwa kucha kama yuko jalalani. Wanakwaya wamesimama kando wanaziba pua na kuziba vicheko. Mama akanena kwa Kishambaa maneno ambayo sitayaandika karatasi moja na jina la Bwana.

Jumatatu wadudu walikuwa wamegeuka kuwa saruji. Jua la kutwa lilikuwa limewaoka. Nikapitisha kitambaa kibichi, hakikung'oa hata bawa. Nikajaribu kwa ukucha, kichwa cha panzi kikavunjika kikaingia chini ya ukucha, na ule weusi wake ulikaa humo siku mbili, nikila kwa kijiko. Hasira ikanipanda. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, Martin, kwa sababu fundi wa mjini hawezi kufanya kosa hili. Ni la mtu aliyelelewa na Mama yetu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasugua masufuria mtoni? Majivu ya moto wa jana, gunzi la mahindi, na mkono usio na huruma. Sufuria nyeusi ilitoka kama kioo. Nikachota majivu jikoni nusu ndoo, nikachukua magunzi manne, nikaimba wimbo, nikasugua boneti ya gari lako. Wadudu walitoka, nisiwasingizie. Walitoka vizuri sana. Nikamwaga maji ili nione kazi yangu, na mahali ambapo uso wangu ulikuwa ukionekana palikuwa na ukungu mweupe, na ndani ya ukungu mikwaruzo ya duara, duara juu ya duara, kama kitako cha sufuria ya shule. Upana wa sinia ya pilau. Pembeni yake, mahali ambapo sikusugua, kuna madoa madogo madogo yaliyochimbika. Hayo ni ya ute wenyewe, ya Jumapili yangu takatifu.

Nilikaa chini kwenye tope la majivu na yale magunzi yenye utumbo wa wadudu mkononi.

Saa moja jioni ukapiga simu. Tukasalimiana, ukamuulizia Mama, kisha ukasema, "Kaka, gari je?" Nami mzee wa kanisa, ninayebeba sahani ya sadaka, nikakujibu, "Linang'aa kama siku uliyoliacha." Mikono yangu ilikuwa bado inanuka.

Wale kumbikumbi nilidhani ni kitu cha kuchukiza kuliko vyote nilivyowahi kuona. Baada ya kukata simu nilijitazama kwenye kioo cha pembeni cha gari lako, nikajua kwamba sivyo.

Tangu siku ile Meza ya Bwana imeandaliwa hapa mara mbili, na mara mbili nimebaki kwenye benchi la nyuma. Mara ya kwanza nilijisingizia tumbo. Mara ya pili Evelina hakuniuliza, alinipa Biblia tu ikiwa imefunguliwa pale panaposema uiache sadaka yako mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Yeye shule aliishia darasa la tano, lakini anajua pa kufungua.

Hamza amenifundisha njia yenyewe, nami nakuandikia ili na wewe uijue ukirudi. Gari lisioshwe bati likiwa la moto. Lipeleke kivulini lipoe. Chukua taulo kuukuu, lichovye kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya maji kidogo, si ya unga, ulitandaze juu ya wadudu kama unamkanda mgonjwa. Ngoja dakika kumi, ongeza maji, ngoja tena. Wanalainika wenyewe, wanavimba, wanateleza. Kichefuchefu kitakuja, geuza uso, lakini usisugue. Vuta taratibu, suuza taulo, rudia. Na kabla ya safari ya bondeni piga nta mbele kote, boneti na bampa, wasipate pa kushika. Na ufanye siku ile ile, hata iwe siku gani. Mchungaji amethibitisha. Nilimuuliza nikijifanya nauliza kwa niaba ya mtu mwingine, akanitazama kwa huruma, kwa hiyo nadhani Mama alishamwambia.

Juzi Jafari, yule fundi rangi wa Lushoto mjini, alikuja kuliona. Alipapasa boneti akatabasamu. "Mzee, hii ni kazi ya alasiri moja. Ndugu yako akija Krismasi hatajua kitu." Martin, moyo wangu uliruka kwa furaha, sikufichi. Nikaingia ndani kuchukua ufunguo. Mama alikuwa anamenya viazi, hakuinua macho. Aliniuliza tu, "Na chini ya rangi kutakuwa na nini?" Nikarudi nje nikamwambia Jafari aende, mwenye gari akija ndiye atakayemwita.

Kwa hiyo boneti iko vile vile. Nimelifunika gari kwa turubai, na Mama kliniki tunampeleka kwa basi la asubuhi hadi utakaposema vinginevyo. Sijaligusa tena hata kwa kulifuta vumbi. Nataka ulione kama nilivyolifanya, kisha wewe uamue, Jafari au mwingine, rangi ile ile au nyingine, na kama ufunguo huu utakaa kwangu au la. Lolote utakalosema nitalipokea nimesimama.

Barua hii anaibeba Abubakari, mdogo wake Hamza, anayeendesha lori la mizigo kuja huko. Anaondoka Jumatatu na ameapa kuitia mkononi mwako. Jumapili ya kwanza ya Majilio Meza itaandaliwa tena. Huenda barua ikakufikia kabla, huenda isikufikie. Usinijibu kwa barua. Nipigie. Tusalimiane kama kawaida, umuulizie Mama, kisha uniulize swali lile lile ulilouliza siku ile, kwa maneno yale yale. Nataka kulijibu upya.

Msalimie sana shemeji Glory, mwambie kitambaa cha kichwa alichotuma kimemkaa Evelina vizuri, baada ya kukikung'uta. Mbusu mtoto. Mama anasema ule, na usisahau kuombea chakula kabla hujashika kijiko. Hamza anasema umpe Abubakari maji ya kunywa na mahali pa kulala. Modesta anakusalimu kutoka shuleni.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na mikono yako aiepushe na nyaya zenye moto.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, wa benchi la nyuma,

Kristofa