Msumari wa Ukuta wa Jikoni

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya karakana ya redio.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Kitindamimba,

Marahaba, kabla hujaniamkia. Najua shikamoo yako iko njiani, maana tangu utotoni ulikuwa mzito wa kila jambo isipokuwa kula. U hali gani huko kwenye baridi? Kifua je? Ile sweta niliyokufumia unaivaa, au umeigeuza tambara la kudekia? Sisi huku tu wazima, ila yametokea mambo, nayo ndiyo yaliyonikalisha mezani leo na kalamu.

Nakuandikia nikiwa chumba cha mbele, dirisha wazi. Ni ule wakati wa alasiri ambapo kila kitu kinasinzia: pazia, paka, hata kelele za mtaani. Baba yupo kwenye kiti chake cha kamba, daftari la kumi na moja mapajani. Macho yake siku hizi yanaona mwanga na vivuli tu, lakini anafunua kurasa polepole kama anayesoma. Nimemwangalia muda mrefu kabla sijaanza barua hii.

Madaftari unayakumbuka. Thelathini na saba yaliyojaa, moja kwa kila mwaka, na ole wake aliyewahi kuchana karatasi humo ya kuwashia moto. Kila siku saa tatu kamili asubuhi baba anakwenda mwisho wa ua, anafungua kile kisanduku cheupe, anasoma kipimajoto, anachungulia kopo la mvua, anaandika. Tangu macho yafifie, mimi ndiye msomaji na mwandishi. Yeye husimama kando, mkono juu ya kisanduku, kama mtu aliyemshika ng'ombe wake mnadani.

Mwezi uliopita alikuja binti mmoja kutoka ofisi ya hali ya hewa. Wanataka kuyachukua madaftari wayalinganishe na ya kwingine. Alisema ni nyumba chache sana zilizopima miaka mingi hivyo bila kukatiza. Baba aliona haya, akasema ah, ni penseli tu hiyo. Usiku huo alikula sahani mbili.

Sasa anaingia Baba Mdogo. Fundi redio wetu hukumjua leo wala jana: akishika neno ni kupe. Kutwa anasikiliza redio anazozitengeneza, na kila sauti inayotoka humo yeye anaibeba. Miaka mingi sasa wanabishana na baba juu ya joto hili, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Baba Mdogo husema, "Wataalamu wenyewe hawaelewani! Jua la Mungu, mvua ya Mungu, binadamu ni nani hata aipashe dunia moto?" Baba humjibu kwamba wapimaji wanabishana joto litapanda kiasi gani na kwa kasi gani, lakini kuhusu mkono uliolipandisha walishamaliza zamani: ni moshi wa tunavyovichoma na misitu tunayoikata. Mimi ubishi wao nilikuwa naupenda. Ulikuwa kama mvua ya manyunyu juu ya bati, unalala nayo.

Safari hii Baba Mdogo aliomba madaftari ayasome mwenyewe. Siku mbili nzima alikaa nayo, miwani yake mguu mmoja umefungwa kwa waya wa redio. Ya tatu akaja na la kumi na moja, mwaka uliozaliwa wewe. Akasoma kwa sauti. Miezi saba ya mwaka ule ilikuwa na joto kuliko miaka yote ya jirani, joto kama hili la leo, kisha ghafla likashuka. "Kaka," akasema, "lilikuja, likaenda zake. Nani alilipasha?"

Baba akanyoosha mkono akalichukua daftari. Miezi ile saba ndiyo aliyokuwa amelazwa hospitali na nyonga iliyovunjika, na aliyepima alikuwa marehemu mama. Baba mwenyewe alimfundisha, kitandani, kwa kuchora kwenye kiganja chake.

Kesho yake saa tatu ilifika, baba hakuinuka. Siku iliyofuata vilevile. Nikamwuliza kama anaumwa, akasema, "Mama yenu hakuwa mzembe. Nilimfundisha mimi. Kama namba zake si za kweli, zangu zina nini? Miaka thelathini na saba yote ni takataka." Akaniagiza nimzuie yule binti asije Ijumaa kuyachukua madaftari. Mdogo wangu, sijawahi kumwona baba amenywea hivyo kitini. Hata Baba Mdogo aliyeshinda alikuwa anazunguka uani kama aliyeshindwa.

Na mimi nilikuwa najua. Hilo ndilo ninalokuandikia, kwa sababu linakuhusu wewe kuliko sote.

Ulipozaliwa kifua chako kilikuwa kinabana. Ukilazwa chini, pumzi inakata. Mama alikubeba begani mchana na usiku, na hakuthubutu kukuacha hata dakika ile ya kufika mwisho wa ua, wala kukutoa nje kwenye upepo wa asubuhi. Basi akakitoa kipimajoto kisandukuni, akagongelea msumari kwenye ukuta wa jikoni, ule wa mabati, akakitundika hapo. Alisema hewa ni hewa. Humo humo jikoni, jiko linawaka tangu alfajiri, maharagwe yanatokota. Yeye anasoma namba, wewe begani, na mimi, miaka tisa, ninaandika. Ile sehemu ya maelezo ambako baba huandika habari za mawingu, mama alinisomea habari zako: "Mtoto amelala." "Mtoto amekohoa." "Leo mtoto hajambo." Baba alipotoka hospitali aliyasoma hayo akacheka mpaka akashika nyonga. Habari ya msumari hakuambiwa. Mama alishagundua kosa lake kwa jinsi namba zilivyoshuka kipimajoto kiliporudi kisandukuni, akaniapisha: usimwambie baba yako, atasikitika.

Nimeitunza siri hiyo kuliko dhahabu. Lakini mficha uchi hazai. Jumatatu nilimwota mama amesimama pale ukutani, ananiangalia, na wewe begani umelala. Nilipoamka nikamwambia baba yote. Nililia, sikuficha.

Alikunywa chai yake mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Msumari bado upo?"

Upo. Una kutu, lakini upo. Baba akaagiza Baba Mdogo aitwe. Asubuhi tatu mfululizo niliwasha jiko tangu alfajiri na kubandika maharagwe, kama mama. Saa tatu ikifika, mimi nasoma kipimajoto cha kisandukuni, Baba Mdogo anasoma cha pili, tulichokiazima na kukitundika msumarini, kwa sauti, mtaa mzima usikie. Siku ya kwanza chake kilizidi changu kwa digrii tatu. Ya pili, mbili na nusu. Ya tatu, tatu tena. Baba alitaka nitoe karibu digrii tatu kwenye namba za mama, nikazitoa, na miezi saba ikakaa mahali pake katikati ya wenzake.

Baba Mdogo akavua miwani. "Basi lilikuwa jiko."

"Lilikuwa jiko," baba akasema. "Si uliuliza nani alilipasha?"

"Jiko moja na kipimajoto kimoja, kaka. Dunia ni kubwa."

"Na majiko yake ni mengi."

Baba Mdogo akasema hajakubali, ila anaona. Sijui tofauti yake ni nini, na yeye nadhani hajui. Lakini tangu siku hiyo saa tatu haijafika yupo uani, miwani na waya wake, eti kuhakikisha hatudanganyi. Ananipokonya kazi, anasoma yeye. Baba amesimama kando, mkono juu ya kisanduku.

Yule binti alikuja Ijumaa, maana sikumzuia. Wewe wanijua, si kila agizo ninalitii. Nilidhani tutafuta yale ya mama, naye akakataa kabisa: kisifutwe kitu, kiandikwe tu kilichotokea. Baba akaniandikisha: "Kipimajoto kilitundikwa ukuta wa jikoni kwa sababu mtoto alikuwa mgonjwa." Binti akaondoka na madaftari thelathini na sita. La kumi na moja baba aliomba abaki nalo mpaka wiki ijayo.

Jana alinitaka nimsomee miezi yote saba, siku kwa siku. Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Hakuna siku hata moja iliyorukwa, mdogo wangu, hata zile ulizokuwa huwezi kunyonya. Nilipomaliza, baba akasema, "Mimi kule hospitali nilijiona niko peke yangu. Kumbe kila saa tatu alikuwa ananiwekea nafasi yangu." Akalaza kiganja kwenye ukurasa na kukiacha hapo, kama mtu anayepima homa.

Shangazi mshonaji anakusalimu sana, anauliza kama umenenepa ili ajue vipimo. Baba Mdogo anakusalimu na anataka kujua huko theluji inapungua au redio zinamdanganya. Mjibu kwa uangalifu. Wape mkeo na wanao mabusu yangu. Mungu akufungulie kifua na njia, akurudishe ukiwa mzima mlangoni kwetu.

Mstari wa chini kabisa ni mkono wa baba mwenyewe. Usishangae umepinda, aliomba penseli akakataa nimshikie mkono.

Ni mimi nikupendaye leo kama siku zile za begani,
Dada yako.

*Leo saa tatu: 29. Mvua hakuna. Mawingu siyaoni. Mtoto hajambo?*