Sweta la Kilatini

Mjukuu wangu Oresta,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Malangali tu wazima, ulezi tumeshavuna. Umeniuliza maana ya Per aspera ad astra kwenye nembo ya chuo chako. Nimecheka, maana maneno hayo niliwahi kuyavaa.

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ilipoanza kufika Sumbawanga, mama alininunulia sweta la shule ya Ulaya lenye maneno hayo kifuani. Kilatini tulikijua cha kanisani tu, basi mama akaamini ni sala. Akanikataza kulivaa shambani. Alfajiri nikifukia majani kwenye matuta kwa baridi ya Ufipa, sweta liko sandukuni linangoja Jumapili.

Siku moja baada ya misa, katekista mzee akanisoma kifuani. "Haya ni ya Warumi wa kale," akasema. "Kupitia magumu, mpaka kwenye nyota."

Mama, aliyekuwa kando yangu, alisikia kila neno. Kesho yake tulitoka nyota zikiwa bado zimetanda, ukungu umelala bondeni kama maziwa. Akanivika lile sweta kwa mikono yake.

"Kumbe ni la shambani," akasema, akanipa jembe.

Bibi yako