Kibati Kilichokuwa Mfukoni Mwako

Yona,

Nimekukasirikia. Sitaanza kwa kukuuliza hali ya huko uliko, wala kukupa salamu za majirani. Ungekuwa hai ningepanda mpaka kwako nikakwambia mbele ya mkeo. Sasa naandika, maana sijui njia nyingine ya kugombana na mtu niliyemzika mwenyewe.

Mwezi uliopita, baada ya arobaini yako, mkeo, Mama Stela, aligawa nguo zako. Ndugu zako walichukua suti na mashati. Mimi akanipa koti la kazi, lile la kaki lenye madoa ya udongo wa kitaluni ulikokuza miche. "Shemeji, hili lako. Mwenyewe alisema unaona baridi kama kuku aliyenyeshewa." Tukacheka kidogo. Nikalivaa, nikatia mkono mfukoni, nikatoa kibati.

Unakijua. Herufi umezigonga kwa msumari, kama mlivyozoea kuandika majina ya miche yenu: MKINDU. MAJI KILA SIKU.

Yona! Ulikibandua kwenye chungu makusudi!

Nakumbuka siku uliyoniletea ule mche. Bwana mpya wa kitalu alikuwa ameamuru vyungu vyote vya mapambo viondolewe, mpate nafasi ya miche ya kahawa ya vijiji. Ukapanda nao kutoka Lushoto, chungu kichwani, ukautua barazani kwangu. Nilipokuuliza ni mti gani ulicheka. "Wewe ndiye mwenye vitabu, mwalimu. Utunze, unitajie jina kabla ya masika. Ukishindwa utanilimia shamba la maharage mbele za watu."

Na mimi, mpumbavu niliyesoma, nikafikiri hivi: kitalu kilianzishwa na Wazungu, kwa hiyo mti ni wa ng'ambo. Nikakumbuka Jumapili ya Matawi, nikakumbuka Yeriko, mji wa mitende, nikakata shauri kwamba ni mtende. Mti wa jangwani. Nikachanganya udongo na mchanga, nikauweka dirishani upande wa jua, mbali na ukungu, nikaupa kikombe kimoja cha maji kila Jumamosi.

Ulikuja ukaona ncha za majani zimeanza kuwa kahawia. Ukaona! Ukasema, "Endelea, mwalimu, endelea," ukaondoka huku mabega yanatikisika kwa kicheko. Wiki iliyofuata homa ilikushika siku nne tu, ukaenda na jibu.

Je, unajua nilifanya nini baada ya mazishi? Majani yalikuwa yanakauka moja baada ya jingine. Nikadhani maji ni mengi mno, nikapunguza. Kikombe kimoja kwa wiki mbili. Ni kitu cha mwisho nilichopokea kutoka mkononi mwako, nami nilikuwa nakiua kwa kiu, taratibu, kwa uangalifu mkubwa. Siku nilipokiona kibati lilibaki jani moja la kijani.

Mama Stela alikisoma akichungulia juu ya bega langu. "Mkindu? Shemeji, na usomi wote huo, mkindu?"

Jibu lilikuwa kwenye jani lenyewe. Ushike ujani mmoja, ule ukanda mwembamba wa jani, pale unapoungana na uti wa jani. Ukiwa umekunjwa kama mfereji, kiasi kwamba tone la mvua litakaa ndani, huo ni mkindu au nduguye mtende. Ukiwa umekunjwa kama paa, maji yanateleza pembeni, huo ni mnazi au mchikichi. Hapo nilipatia nusu. Lakini mkindu hupenda kusimama karibu na maji, kama mikindu ile ya kijitoni tulikooga utotoni. Mama yako alikata majani yake akasuka mikeka tuliyolalia. Hata huu ninaokalia sasa ni wa ukindu. Miaka yote niliwaandikia watoto ubaoni neno Kujitegemea, kisha mti wa kijitoni kwetu ukawekwa kwenye chungu kizuri, nikauita mgeni. Kwa hilo najikasirikia kuliko ninavyokukasirikia wewe. Lakini wewe pia bado!

Niliuhamishia kwenye debe kubwa lenye matundu chini, nikaujazia udongo mweusi wa msituni. Nilikata majani yaliyokauka kabisa tu, kwa sababu lenye ukijani kidogo bado linaulisha mti. Wadudu weupe niliwafuta kwa kitambaa cha maji ya sabuni. Maji kila siku, kama ulivyoandika. Leo asubuhi, katikati, nimeona jani jipya limechomoza, bado limejikunja, limechongoka kama mkuki. Nimekaa chini barazani.

Mama Stela anataka tuupande kaburini kwako. Nimekataa. Huko juu ni mawe na upepo, na sitauua mara ya pili kwa ajili ya kukupamba. Masika yakianza nitaupeleka kijitoni, nitundike kibati chako pale, ili asitokee msomi mwingine akaubatiza upya. Ukikua, Mama Stela atakata ukindu wake asuke.

Na lile shamba. Nimeshindwa, na mkeo amehakikisha kijiji kizima kinajua. Jumatatu nitalima maharage yako mbele za watu, nimevaa koti lako, mpaka tuta la mwisho.

Lala, ndugu yangu. Safari hii usicheke.

Mwalimu wako