Sherehe ya Mke Wangu na Miguu ya Refa

Jumatatu, 4 Machi

Mke wangu kanipigia simu dukani nikiwa na mteja kwenye kiti cha kupimia macho. Ametajwa. Kila mwaka ndaki ya sanaa pale chuo kikuu, anakofundisha dansi, hufanya sherehe ya kuwapongeza walimu wake — walioandika, waliochonga, waliotunga, waliotafiti. Miaka yote tumekwenda kuwapigia wengine makofi. Safari hii ni zamu yake. Utafiti wake umetoka kwenye jarida linalosomwa na mabingwa, na dansi aliyoitunga kutokana nao, “Nusu Hatua”, itaonyeshwa jukwaani siku hiyo.

Nikarudi kwa mteja. Nikamwambia asome mstari wa chini kabisa. Akasoma. Nikamweleza kwamba mke wangu katajwa chuo kikuu. Akauliza kama hilo nalo limo kwenye kipimo.

Jioni tulimweleza kaka yangu. Tunaishi naye tangu alipofiwa na mkewe. Mtaa mzima wanamwita Refa, maana maisha yake yote kachezesha mpira. Sasa ana ugonjwa wa Pakinsoni. Yeye anauita “mgeni”: leo mgeni kaamka vibaya, leo mgeni hataki ngazi. Mkono unatetemeka, na miguu huganda ghafla katikati ya mwendo kama mtu aliyekanyaga gundi. Kazi yote ya mke wangu ilianza kwake. Siku moja aliganda mlangoni mwa jikoni, sahani mkononi, na mke wangu akaanza kugonga meza kwa mwiko, polepole, bila kujua kwa nini. Refa akatembea. Mwiko ule ukazaa darasa la dansi la wazee wenye Pakinsoni, na darasa likazaa utafiti.

“Hongera, shemeji,” alisema leo. “Nilijua utafunga tu. Dakika zilikuwa bado.”

Mke wangu akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

Jumatano, 6 Machi

Mke wangu karudi kutoka kikaoni amevimba kwa hasira. Kiatu kimoja huku, kingine kule.

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe ni profesa wa uchoraji, mtu wa sauti ya chini na maswali makali. Kauliza mbele ya wote: hii kazi ni sanaa au ni tiba? Kama ni tiba, basi ibandikwe bango ukutani, watu wasome wakipita. Na kama lazima ichezwe, wacheze wanafunzi. Wazee wenyewe wakianguka mbele ya wageni itakuwaje?

“Ukamjibu nini?”

“Nikamwambia wanafunzi wangu hawatatetemeka kwa kuigiza. Wazee wacheze wenyewe au haichezwi.”

Mkuu wa ndaki akaingilia, akasema wacheze wenyewe. Lakini kila mtu pale mezani alikuwa anamtazama profesa. Mke wangu kamwalika aje darasani Jumamosi aone kwa macho yake. Hakusema atakuja, hakusema haji.

Nilimkanda miguu. Miguu ya mchezaji ni migumu kama mbao. Namwonea fahari hata akiwa amenuna. Sikumwambia, angesema namtania.

Alhamisi, 7 Machi

Refa kakataa.

Tulikuwa tunakula. Mke wangu akamweleza mpango: taa zinawaka, jukwaa tupu, yeye anaingia peke yake, anatembea mpaka katikati kwa mdundo wa ngoma, ndipo wenzake wanamfuata. Dansi nzima imejengwa juu ya mwendo wake. Refa akaweka kijiko chini.

“Shemeji, kule darasani kwako nitacheza mpaka soli ziishe. Jukwaani, hapana.”

“Sawa, shemeji.”

Basi. “Sawa” tu. Akaendelea kula. Mimi ndiye niliyebaki na tonge mdomoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nilifunga duka mapema nikampeleka Refa darasani mwenyewe. Ukumbi wa mazoezi una sakafu ya mbao iliyochubuka, kioo kirefu ukuta mmoja, na viti vya plastiki kwa wanaochoka. Wachezaji ni saba. Yumo jaji mstaafu, anacheza na tai shingoni. Yumo mama fundi cherehani ambaye mkono wake ukitetemeka anauambia, “Tulia, hatushoni leo.”

Mwalimu msaidizi, kijana mrefu, anapiga ngoma. Mke wangu kanieleza mara nyingi lakini leo nimeona: mdundo usiwe wa haraka, uwe nyuma ya mapigo ya moyo kidogo, na mtu asigeuke papo hapo, azunguke kwa duara kubwa kama lori linalokata kona. Katika miezi waliyopimwa, wamepunguza kuanguka. Hayo ndiyo yameandikwa kwenye jarida. Lakini jarida haliwezi kuonyesha uso wa Refa akiwa ndani ya duara lile. Pale hana mgeni. Anawaelekeza wenzake kwa kidole, anamwonya jaji anapokanyaga kabla ya mdundo. Ni yule yule aliyekuwa akiwatoa nje mabeki wanene.

Profesa alikuja. Alikaa nyuma kabisa, koti mapajani. Akaondoka kabla ya mwisho. Mke wangu alimwona akitoka, na kwa mara ya kwanza leo nilimwona akikosea hesabu ya hatua.

Njiani nilimuuliza Refa, kwa upole, kwa nini jukwaani hataki. Akanieleza. Mwaka juzi walimwalika uwanjani apulize filimbi ya kuanza mechi ya maveterani. Filimbi ikatetemeka mdomoni, ikatoa sauti ya kuku. Watu hawakucheka, alisema. Ingekuwa afadhali. Walipiga makofi yale ya kumpigia mtoto aliyekula uji akamaliza.

“Makofi yale sitaki kuyasikia tena, bwana mdogo.”

Tukafika nyumbani.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Mke wangu kashinda sakafuni na karatasi, anachora mishale. Refa anasikiliza mpira redioni na kugombana na refa wa huko. Mimi nimekaa katikati yao kama kizingiti.

Jumanne, 12 Machi

Nimegombana na mke wangu, kidogo. Nilimwambia amwombe tena, maana kwake Refa hawezi kukataa mara ya pili. Sherehe ni Ijumaa. Profesa anasubiri ateleze. Hii ni kazi yake ya miaka.

Akaniuliza: “Hilo ndilo unaloliogopa? Niaibike mimi?”

Nikasema ndiyo. Kwa nini nifiche?

Akakaa karibu yangu. Akasema wachezaji wote hao, siku nzima, wanavalishwa, wanashikwa, wanavutwa, wanaambiwa njoo, kaa, meza dawa. Darasani kwake ndipo mahali pekee ambapo mwili ni wao. Akimvuta Refa hata kwa neno tamu, basi alichokiandika kwenye jarida ni uongo. “Nimebadilisha mwanzo. Jaji ndiye ataingia wa kwanza.”

Nikamtazama. Nimemwoa mtu mkubwa, na bado ananishtua.

Jioni nilijaribu kumgusia Refa kwa mbali. Akaniambia nirudi kwenye miwani yangu.

Alhamisi, 14 Machi

Hapa sijui nicheke au nini.

Refa alikuwa anakunywa chai. Mke wangu yuko kwenye simu na kijana wa ngoma, anamwambia ngoma ianze jaji akishafika kwenye alama. Refa akainua kichwa.

“Jaji gani?”

Nikamwambia, jaji. Ndiye anayeingia wa kwanza kesho.

“Jaji anaanza na mguu wa kushoto.”

“Labda atakumbuka.”

“Hawezi kukumbuka. Miezi yote hii anaanza na wa kushoto. Ataingia na wa kushoto, wenzake watamfuata na wa kushoto, duara litageukia ukutani. Atamharibia shemeji kazi yote.” Akasukuma kikombe. “Mtu mwenyewe anacheza na tai.”

Kikombe kikawa kinagongagonga sahani yake. Halafu akaniuliza, kama anauliza hali ya hewa, lile shati lake jeupe liko wapi, na kama pasi inafanya kazi.

Mke wangu alikuwa amekata simu. Aliingia chumbani akafunga mlango. Nikamfuata. Alikuwa amekaa kitandani, mto usoni, anacheka na kulia kwa pamoja. Nimepiga pasi shati lile mara mbili.

Ijumaa, 15 Machi

Nataka niandike yote kabla hayajapoa.

Ukumbi mkubwa wa chuo ulijaa. Mlangoni meza ndefu ya vitabu vya walimu, karibu na sanamu la ndege lililoundwa kwa springi za magari, watoto wanaligusa na mlinzi anajifanya haoni. Mkuu wa ndaki aliwaita mmoja mmoja. Mwalimu wa tamthilia aliyekusanya kamusi ya maneno ya jukwaani. Mwalimu wa filamu ambaye filamu yake imeshinda ng'ambo, na mama yake akapiga kigelegele kabla jina halijaisha kutajwa. Niliwapigia wote makofi ya dhati. Watu hawajui kazi hizi zinavyokula maisha ya mtu, na ya nyumba yake pia.

Halafu wakamwita mke wangu. Akapanda na gauni lake la bluu, viatu vya chini. Alisema maneno machache: alichouliza, alichopima, alichokiona. Hakupamba. Akasema, “Mengine watawaambia wenyewe,” akashuka akaja kukaa kando yangu.

Taa zikazimwa, zikawaka upande mmoja. Ngoma.

Refa akatokea. Shati jeupe, mgongo umenyooka. Hatua, hatua, hatua. Nilikuwa nimeanza kupumua — akaganda. Katikati ya njia, mguu mmoja mbele, mkono unatetemeka ukionekana mpaka nyuma. Ngoma inaendelea, yeye yuko pale pale. Mtu nyuma yangu akavuta pumzi. Nilianza kunyanyuka. Mke wangu akanishika goti, akanikalisha. Yeye mwenyewe hakunyanyuka. Alikuwa anamtazama tu, kama mtu anayemsubiri mwenzake afunge kamba ya kiatu.

Refa akageuza kichwa taratibu kuelekea kwa kijana wa ngoma. Kwa sauti ile ya uwanjani, isiyohitaji kipaza sauti:

“Wewe. Unakimbilia wapi? Punguza.”

Ukumbi ukacheka. Kijana akapunguza. Refa akasikiliza mapigo machache, akaitikia kwa kichwa kwamba sasa sawa, akainua mguu — wa kulia — na kutembea mpaka katikati. Wenzake wakaingia nyuma yake, jaji na tai yake, mama fundi na wengine, na duara likafunguka jukwaani, likapanuka, likazunguka. Hakuna aliyeanguka. Nisingejali hata kama wangeanguka. Kulikuwa na mahali ambapo mikono yao yote inainuka, kila mmoja na tetemeko lake, na mke wangu ameipanga hivyo kwamba matetemeko yale yakawa kama majani ya mti mmoja. Nimeishi na mwanamke huyu miaka yote na sikujua kwamba aliliona hilo.

Makofi yalipokuja nilimtazama Refa. Nilikuwa nayaogopa. Hayakuwa yale ya uji. Watu walisimama na kupiga kwa nguvu, na yeye akayapokea kama anayeyastahili, halafu akanyoosha mkono kumwonyesha mke wangu alipokaa.

Aliyetoa tuzo ni profesa wa uchoraji. Alishika tuzo yenyewe, kibao cha mbao.

“Ni mimi niliyeuliza kama hii ni sanaa,” alisema. “Naliondoa swali.”

Akampa mkono mke wangu. Kisha akashuka mpaka walipokaa wachezaji, akavuta kiti karibu na Refa, na mpaka tunaondoka walikuwa wanabishana kuhusu sheria ya kuotea.

Kibao tumekiweka juu ya friji kwa sasa. Mke wangu anasema kinaonekana kama cha kukatia vitunguu.

Jumamosi, 16 Machi

Naandika nikiwa ukumbi wa mazoezi, kwenye kiti cha plastiki, kwenye mgongo wa bahasha maana daftari liko nyumbani. Nitanakili baadaye.

Tulikuja saa ya kawaida tukakuta watu mpaka ngazini. Wazee kwa wazee, wengine wameshikwa na watoto wao, wengine na wake zao. Jana walikuwapo, au waliambiwa na waliokuwapo. Wamekuja na kutetemeka kwao na viatu vyao vizuri. Mke wangu kaitwa ofisini kwa mkuu wa ndaki, jambo la ukumbi mkubwa zaidi, na bado hajarudi. Kijana wa ngoma ananitazama mimi. Mimi nauza miwani.

Refa kaangalia saa. “Fungua mlango wote, bwana mdogo.”

Wa kwanza ni mama mmoja mwembamba, mwanawe wa kiume kamshika kwapa. Kafika kizingitini kaganda. Mwanawe anamvuta, anamwambia mama twende, watu wanasubiri. Yeye anatazama sakafu kama ni mto.

Refa kaenda. Kamwambia mwanawe amwachie. Mwanawe kasita, kisha kamwachia. Sasa Refa amesimama upande wa ndani wa kizingiti, yule mama upande wa nje. Hajamgusa. Kamwashiria mpiga ngoma, polepole, nyuma ya moyo kidogo.

“Mimi mwenyewe jana niliganda mbele ya chuo kizima,” anamwambia. “Hatuna haraka. Ukiwa tayari, wa kulia.”

Kisigino cha kulia cha yule mama kimeinuka kidogo. Foleni nyuma yake imefika mpaka chini ya ngazi, na hakuna anayemsukuma.