Beseni Jekundu na Ng'ombe wa Mama Mkwe

Jumatatu, Julai 2008. Karatu, ofisini.

Ukungu umeshuka mpaka barabarani na baridi inauma masikio. Nimevaa koti, nimejifunga kitenge juu yake, na bado nakosea herufi kila neno. Leo siisingizii baridi.

Jana mama mkwe wangu aliniletea ng'ombe.

Nimekaa mbele ya kompyuta tangu wageni wa asubuhi waondoke kwenda kreta kutazama wanyama, na kila nikianza sentensi naifuta. Ng'ombe mzima jamani, wa maziwa, mwenye mabaka meupe tumboni, kafungwa kwenye nguzo ya kamba yangu ya nguo. Na yote haya chanzo chake ni mvinyo. Ukimwambia mtu atasema Haika umechanganyikiwa.

Nianze mwanzo, labda na mimi mwenyewe nitaelewa.

Kazi yangu ni kuwapangia watu safari. Nakaa upande wa buking katika kampuni ndogo ya utalii hapa mjini. Mtu akiwa kwao Ulaya akataka kumwona faru na kulala kitanda laini, mimi ndiye ninayehangaika. Mume wangu, Tluway, ni dereva na mwongoza watalii. Ni Mwiraqw wa Rhotia, na wageni jina lake limewashinda, wanamwita Tuli. Mimi ni Mchaga wa Moshi mjini, nimekulia nyumba ya kupanga, kuku wenyewe tulikuwa hatufugi. Tangu tuoane tumewapeleka watu kila mahali, ila sisi hatujawahi kwenda popote kama wageni.

Mwaka jana Tluway alimwendesha mzee mmoja wa Afrika Kusini na mkewe, wakulima wa zabibu, shamba lao liko karibu na bahari kule upande wa Cape. Gari likakwama kwenye tope njia ya Endulen, na yule mzee akashuka akasukuma mpaka akawa rangi ya udongo. Urafiki ulianzia pale. Sasa wametualika Desemba, maana kwao huo ndio msimu wa joto. Gari watatupa, na tutapita pwani yote tukionja mvinyo shamba kwa shamba.

Basi nikaanza kupanga. Nilijipangia kama ninavyompangia mteja msumbufu: mashamba matano kwa siku, mchana tunakula samaki, jioni tunalala mahali dirisha linatazama maji. Nilikuwa nachelewa kutoka ofisini kwa ajili ya hiyo ratiba. Wenzangu walinicheka wakasema nimekuwa Mzungu.

Niseme jambo ambalo hapa kwenye blogu nimekuwa nikilizunguka. Safari hii si ya mvinyo tu. Mimi na Tluway hatuna mtoto, na si kwamba hatutaki. Tumezunguka hospitali, tumeombewa, tumekunywa na mizizi. Mwaka huu tuliambiana, basi, tupumzike kuhesabu siku. Twende mahali ambapo hakuna mtu atakayenitazama tumbo kabla hajanisalimia usoni.

Hapa mwanamke akishazaa anaitwa Mama Fulani. Mama mkwe huniita Haika tu, na hulitamka jina hilo haraka haraka, utadhani ana haraka ya kufika kwenye neno linalofuata.

Mwezi uliopita yule mzee wa zabibu alituletea chupa mbili kupitia wageni, na ujumbe kwamba tujizoeze. Utaratibu wenyewe huu: unatazama rangi, unazungusha glasi, unanusa, unaweka mdomoni, unasukutua, halafu unatema. Ndiyo, unatema! Ukimeza kila shamba, jioni hujui hata jina lako, na dereva ndiyo kabisa.

Tluway alikataa katakata. "Kutema kinywaji cha mtu aliyekukaribisha? Kwetu hiyo ni kumwambia ameweka sumu." Nikamwambia hata kwetu Uchagani ni hivyo hivyo, mbege, pombe yetu ya ndizi, ukipewa kata unakunywa unashukuru, lakini ugenini fuata ya wenyeji. Nikaweka beseni jekundu la kuoshea vyombo katikati ya sebule, nikaanza. Mvinyo wenyewe mchachu! Natema, nakunja uso, machozi yananitoka, Tluway amenishika mgongo anakufa kwa kucheka.

Mara mlango wa nyuma, hodi na kuingia kwa pamoja. Mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mzee wa kanisa. Pombe haigusi na nyumba yenye pombe hakai. Tluway, mwanaume wa kuteremka kreta na simba wamelala njiani, aliziba chupa akaitupa chini ya kochi kama mtoto aliyeiba sukari. Nami nimebaki nimeinamia beseni, mate yananing'inia.

"Ana nini?" mama akauliza.

"Tumbo tu, mama. Hajisikii vizuri siku hizi."

Siku hizi! Nani alimtuma aseme siku hizi?

Mama alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akalichukua beseni mwenyewe, akaenda kulimwaga nje, akarudi, akanifuta uso kwa kona ya khanga yake. Hakusema neno.

Sikushtuka. Hapo ndipo ninapojishangaa. Mimba kwa wazee wetu haitangazwi. Mtu anaona, ananyamaza, anaanza kutenda. Hilo nalijua tangu nikiwa msichana, na bado halikunijia kichwani.

Tangu siku ile akawa mtu mwingine. Akaja na kibuyu cha maziwa. Akaja na samli. Akaja na loshoro, mahindi ya kupikwa kwa maziwa mgando, akakaa mpaka nimemaliza bakuli. Akinikuta na ndoo ya maji ananinyang'anya, "wewe kaa." Akamkataza Tluway kunipakia kwenye pikipiki, eti barabara ina makorongo. Siku moja alinisuka nywele, vidole vyake vizito vinapita polepole kichwani, na mimi nikawa nalia bila sauti, sikutaka aone.

Nilidhani amenipenda.

Ndivyo nilivyodhani, mjinga mimi. Kwamba baada ya miaka yote hii, hatimaye amechoka kusubiri na ameamua kunipenda hivi hivi nilivyo.

Jana baada ya ibada niko nyuma ya nyumba naanika nguo, nasikia kwato. Nageuka, mama mkwe huyo, kilemba kimejaa vumbi jekundu, ameshika kamba na nyuma yake ng'ombe. Ametembea naye kutoka Rhotia kwa miguu! Tluway alitoka na kikombe cha chai mkononi, akasimama pale mlangoni, chai ikawa inamwagikia viatu na yeye hana habari.

Ng'ombe hatolewi kimya. Lazima anayemtoa aseme ni wa nani. Mama aliifunga kamba kwenye nguzo, akaweka mkono juu ya mgongo wa yule mnyama, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie vizuri:

"Huyu ni wa mtoto. Asije akakosa maziwa."

Mungu wangu.

Shati la Tluway likanidondoka matopeni. Niliona yote kwa mara moja: beseni, samli, ndoo, nywele. Nilihisi kama mtu amenivua nguo hadharani. Ule upendo wote haukuwa wangu. Ulikuwa wa mtu ambaye hayupo.

Tukamwingiza mama ndani apumzike. Tluway akanivutia jikoni, jasho linamtoka na baridi yote ile. Akaninong'oneza: "Tunyamaze kidogo. Baadaye tutasema imeharibika."

Nilimtazama nikaona simjui huyu mwanaume. Kuna mimba moja iliyowahi kuharibika kweli, na mpaka leo mimi na yeye hatujaweza kuitaja kwa sauti. Leo anataka nimlilie mtoto wa uongo? Nafikiri alijisikia mwenyewe, maana alishika uso kwa mikono miwili akasema, "Nisamehe, sijui nimesema nini."

Nikaenda sebuleni. Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, na sikupanga kupiga magoti, miguu yenyewe ndiyo iliyokubali.

"Mama, mimi sina mimba. Sikuwa naumwa. Ilikuwa mvinyo. Tulikuwa tunajifunza kuonja, kwa ajili ya ile safari, na wanaoonja hutema. Chupa bado iko chini ya kochi ulilokalia."

Nje ng'ombe akalia, na mimi nikataka ardhi ipasuke nizame. Mama hakunitazama. Aliinama, akapapasa chini ya kochi, akaitoa chupa. Akafungua, akanusa. Nikajua sasa ndiyo basi, natupiwa kichwani.

Akamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa ya chai, akaonja.

Mama mkwe wangu, mzee wa kanisa! Tluway pale mlangoni alishika fremu ya mlango asianguke.

"Kumbe ni ile ya meza ya Bwana," akasema. Uso wake ukabadilika. "Na mlikuwa mnaitema? Kwenye beseni la vyombo?"

Naapa, hicho ndicho kilichomshtua. Mimba ambayo haipo hakuisema. Uongo wa mwanawe hakuusema. Yeye maisha yake yote mvinyo ameujua mahali pamoja tu, amepiga magoti, anapewa tone moja na analimeza kwa hofu. Sasa amekuta mkwewe anautema pamoja na mate, mwanawe anacheka. Alitikisa kichwa, akatikisa tena, akasema maneno ya Kiiraqw ambayo Tluway amekataa kunitafsiria mpaka sasa.

Nikajikaza. "Mama, na ng'ombe... Tluway atamrudisha kesho. Atampakia kwenye gari, usitembee tena."

Hapo ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa mekundu, na sitamsingizia kwamba hakuumia. Aliumia. Niliona akimeza kitu kikubwa kuliko mvinyo.

"Ng'ombe hapiti barabara ileile akirudi, kama aliyekataliwa," akasema. "Njiani alikuwa wa mtoto. Amefika, amekukuta wewe. Basi ni wako."

Nililia kwa sauti, kilio cha ovyo, jirani akachungulia dirishani. Mama akanifuta uso kwa kona ya khanga, ileile, na safari hii alikuwa anajua kabisa kwamba tumboni hamna kitu.

Halafu akatoka nje akakamua, maana ng'ombe alikuwa amejaa na sisi tunalia. Akanipa kikombe, maziwa ya moto yana povu. Akasimama mbele yangu akiangalia. Nilikunywa yote mpaka tone la mwisho, na sikubakiza hata la kumwonyesha paka.

"Hivyo," akasema mama. "Na huko mkienda, mmeze."

Leo nimeifungua ile ratiba yangu nzuri ya Desemba. Mashamba matano kwa siku! Tukimeza kote, Tluway atatuingiza baharini na gari la watu. Nimefuta manne kila siku nimebakiza moja moja. Tutafika, tutakaa, tutakunywa cha mwenye shamba kama wageni wenye adabu, tutalala palepale. Yule mzee wa zabibu nimemwandikia kumweleza. Kuhusu ng'ombe nimeshindwa, Kiingereza changu hakitoshi.

Tukiwa huko mama atakaa kwetu amkamue. Mpaka hapo, kazi ni yangu, na amesema atalala kwetu siku chache anifundishe kila alfajiri. Mimi ng'ombe namwogopa! Jana nilimpitia mbali kama napita kwa mbwa mkali.

Asubuhi hii nikitoka kuja kazini nilimkuta mama ameinama anamlisha majani. Hakugeuka. Alisema tu, "Haika, funga vizuri koti."

Jina langu alilitamka polepole. Sijui kama alijisikia. Mimi nilisikia.