Binti Yangu Anataka Kufuta Ushindi wa Magunzi

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla Jumapili haijafika kwa sababu nyumbani kwangu hapa Katandala, Sumbawanga, hakukaliki. Mimi ni mzee wa miaka sitini na mitano, mkulima wa mahindi na ulezi, na binti yangu wa kwanza, Avelina, ni mkemia wa chuo kikuu, kazi yake anachukua magunzi ya mahindi, tena ya shambani kwangu, anayachoma bila hewa mpaka yanakuwa makaa yenye vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni, halafu humo anasukuma gesi ya hidrojeni ikae, ili siku moja mtungi mdogo ubebe gesi ya kuendesha gari au boti bila moshi.

Mwaka jana alipiga simu analia kwa furaha, makaa yameshika gesi nyingi kuliko hata yeye alivyotegemea, ikaandikwa kwenye jarida la wataalamu, na mimi nikachinja mbuzi, nikasimama kwenye jumuiya yetu ya kanisa nikatangaza kwamba watu wasichome tena magunzi maana ndiyo yatakayoendesha boti za Kipili kule ziwani, wakanicheka kidogo, lakini tulipopukuchua mahindi mwaka huu wakaanza kuniletea magunia, mpaka Mama Stefania, mjane ambaye magunzi ndiyo kuni zake, akaleta mawili akasema, "Baba Avelina, mpelekee mwanetu."

Sasa juzi Avelina kaja, hajagusa hata togwa niliyomwekea, akasema, "Baba, nilikosea. Vali ya mtambo wa kupimia ilikuwa inavuja. Gesi niliyodhani imeingia kwenye makaa ilikuwa inatoka nje. Nimepima upya, yameshika kidogo tu." Nikamwambia basi nyamaza, nani Sumbawanga hii atajua? Akasema keshawaandikia wenye jarida, na Jumapili ataieleza jumuiya mwenyewe, halafu, mshauri, bila hata haya akaniomba gunia jingine la magunzi aendelee! Nimekataa, nimefunga stoo, ufunguo ninao mfukoni hata sasa ninavyoandika. Nimwambieje akubali kunyamaza? Watu nitawatazama vipi?

Nestory, Baba Avelina

MSHAURI ANAJIBU

Baba Avelina, shikamoo. Nimeshakuamkia, sasa niruhusu nikukaripie.

Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kosa la kumfungia binti stoo, sikuliona. Nimeona mtaalamu aliyekamata kosa lake mwenyewe kabla hajakamatwa, akalisema. Wewe ukikuta mtungi wa pombe umepungua asubuhi na chini kumelowa, utasema mtungi umekunywa? Utatafuta ufa. Ndicho alichofanya Avelina, na wewe unamwambia auzibe mdomo wake badala ya ufa.

Aibu unayoikimbia ni yako, mzee wangu. Yeye alikuwa bado anapima, wewe ukawa umeshafika Kipili na boti. Pole, nakuelewa. Mzazi akifurahi mdomo hauna breki, na kwa mbuzi yule simlaumu mtu. Lakini barua yako ndefu yote haikusema Mama Stefania anapikia nini wiki hii. Baridi ya Ufipa unaijua, na kuni zake umezifungia wewe.

Kwa hiyo toa huo ufunguo. Leo, si kesho. Anza kwa Mama Stefania, magunia yake mpelekee mwenyewe, mgongo ukigoma panda bodaboda, na umwambie kwa kinywa chako kwamba ulitangaza mapema. Usimtume mtoto. Waliobaki nao warudishie yao vivyo hivyo. Wa kukutania watakutania, utavumilia.

Kisha chagua gunia zuri la shamba lako, kavu, lisilo na ukungu, umpe Avelina. Umeandika makaa yameshika "kidogo tu" kana kwamba ni msiba. Hicho kidogo ni cha kweli, na anataka kuanzia hapo. Kazi ya namna hii inaweza kumchukua miaka mingi, pengine isifike kwenye boti yoyote. Usimuulize tena gari litawaka lini. Muulize kama amekula.

Jumapili usijifiche nyuma wala usisingizie mafua. Binti akisimama, simama naye. Maneno yakikukwama, usiseme kitu, simama tu pale watu wakuone. Ulimpeleka shule akajifunze kupima, Baba Avelina. Amepima.